Njia ya Mawe Meupe

Kwenye karatasi waliandika kwamba marehemu alitoka kwenye njia ya waenda kwa miguu bila sababu. Karatasi yenyewe ni ya Kifaransa, na Kifaransa changu kiliishia darasa la nne, lakini maneno yale mawili nimeyajua: sans motif. Nilisomewa na watu watatu, kila mmoja siku yake, nikitumaini mmoja wao atasoma kitu kingine. Wote walisoma bila sababu. Chini kuna sahihi yangu. Niliiweka hospitalini, nimelala, mguu wa kushoto umekatwa juu kidogo ya kifundo, na aliyenishikia karatasi alikuwa na haraka.

Sababu ilikuwapo. Ilikuwa na kitambaa cha buluu kichwani na beseni ya bukari, ugali wetu, juu yake. Na kwa kuwa karatasi ilisema hakuna sababu, watu wa mtaa wetu walijitafutia ya kwao, wakamkuta yule mama mwenye beseni. Walisema amemla mkwe wake kwa uchawi. Mtu akishasemwa hivyo hapa Kamina, nyumba yake huanza kunuka moshi kabla haijachomwa. Ndiyo maana ninaandika, mimi ambaye mkono wangu umezoea kushika vitu vizito kuliko kalamu. Wenye makosa nitawataja mmoja mmoja kwa kazi zao. Majina yao wanayajua wenyewe.

Mahali penyewe tulipaita shantiye. Ni uwanja mkubwa nje ya mji, ng'ambo ya reli, ambapo kampuni ya barabara ilivunja mawe na kupakia kokoto. Kamyo za kumwaga mzigo ziliingia na kutoka tangu jua linapochomoza, na vumbi lake lilifika hadi kwenye mihogo ya watu. Getini palikuwa na ubao mrefu kuliko mtu, umechorwa picha kwa ajili ya sisi tusiosoma sana. Gari lisikimbie. Gari linaporudi nyuma, kengele yake ilie. Dereva asirudi nyuma bila ishara ya mwongozaji. Mtu wa miguu apite katikati ya mawe meupe, asitoke.

Mwongozaji nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kusimama. Nilipewa kibao chekundu, kibao kijani, filimbi na jile, kizibao cha kung'aa, nikawekwa pale kamyo zinaporudi nyuma kupakiwa. Dereva wa kamyo kubwa haoni kitu nyuma yake. Ana vioo viwili, na ana mimi. Shefu wa sekirite, mkubwa wa usalama kazini, alitufundisha siku moja tu, lakini neno moja alilirudia mpaka likaingia: usigeuzie gari mgongo. Ukigeuka, dereva amekuwa kipofu.

Na njia ya mawe meupe ilipita wapi? Ilitoka getini, ikaenda kwenye kibanda cha kulia chakula, ikipita nyuma kabisa ya mahali pa kupakia. Upana wake watu wawili, tena wakijibana. Aliyeipitisha pale ni shefu wa shantiye. Fundi wa kupima alimwonyesha kwamba inaweza kuzunguka nje, karibu na uzio. Shefu alisema watu watachelewa kurudi kazini. Huyo wa kwanza.

Shefu huyo alikuwa mtu wa kanisa, mtoto wa familia ya walimu, shati lake jeupe hata katika vumbi lile. Kila asubuhi alitupanga uwanjani kwa sala kabla ya kazi. Mimi pia ni mtu wa kusali, sikuona ubaya. Tatizo ni kwamba kamyo za kwanza zilikuwa zimeshaanza kupakia, na kila moja ikirudi nyuma kengele yake inapiga pii, pii, pii, katikati ya maneno yake. Siku moja alifungua macho kabla ya amina.

"Ile makelele iko ya nani?"

"Iko ya kamyo, shefu," mtu mmoja akajibu. "Inarudi nyuma."

"Inarudi nyuma mbele ya Mungu? Muifunge."

Watu walicheka kidogo, kwa adabu. Aliitwa fundi wa magari. Huyu ni wa familia za Waislamu waliokuja zamani kutoka Maniema na biashara, mtu wa maneno machache, na mikono yake kwenye injini sijapata kuona mingine. Alisema mbele yetu sote, "Shefu, ile kengele haiko ya kunyamazisha." Shefu akamtazama tu. Kufika jioni fundi alikuwa ameweka swichi ndogo chini ya kiti cha kila kamyo. Dereva azime kabla ya sala, awashe baada ya sala. Sala ile haikuwa yake, lakini waya aliukata yeye. Huyo wa pili.

Wiki ya kwanza madereva walikumbuka kuwasha. Kisha mmoja akasahau. Kisha wakaona kumbe bila kengele kichwa kinapumzika, na wakaacha kuwasha kwa makusudi. Shantiye ikawa na kimya ambacho sikukizoea. Injini zilinguruma, ndiyo, lakini kunguruma kulikuwa kila mahali, hakukuonyesha gari liko upande gani. Nilianza kugeuza shingo kama kuku.

Palikuwa na pipa la maji ya kunywa kando ya njia. Asubuhi moja tulilikuta limebanwa kama sahani, maji yameshakaukia ardhini. Hakuna aliyesikia. Hata dereva aliyelikanyaga hakujua ni yeye, au alijua akanyamaza. Tulisimama tukiliangalia, kila mmoja akikumbuka saa aliyoinama pale na kikombe.

Shefu wa shantiye alikuja akasema, "Mungu ametulinda. Iko pipa tu."

Nilikwenda kwa shefu wa sekirite, kijana aliyesoma, mwandiko wake mzuri kama wa kitabu. Nikamwambia habari za swichi. Alisema anazijua. Nikamuuliza, sasa? Akasema ataandika. Aliandika, nilimwona akiandika, na karatasi akaiweka kwenye faili, na faili akaliweka kwenye kabati. Huyo wa tatu. Wa tatu nina hasira naye kuliko wawili wa kwanza, maana hao hawakuwa na kazi ya kuogopa badala yetu. Yeye alikuwa nayo.

Nilikuwa na mwenzangu. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kuvunja mawe, na tulikula sahani moja. Alitoka Kinkondja, alikuwa amevua na kukausha samaki miaka mingi kabla ya kupanda kuja Kamina, na alipenda kutuchokoza kwamba sisi watu wa nchi kavu tunakula samaki mzee kuliko babu zetu. Alipooa hapa mjini hakuwa na ndugu karibu, kwa hiyo mimi nilisimama kama mkubwa wake mbele ya wakwe. Tangu siku ile aliniita yaya, kaka mkubwa. Na mama wa mke wake akawa mukwe wangu pia.

Kwetu Waluba, mwanaume hakutani uso kwa uso na mama aliyemzalia mke. Akimwona anakuja njiani, anatoka, anageuza mgongo, anangoja mpaka apite. Hali chakula mbele yake. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko maneno, na mama mwenyewe anafanya vilevile, anafunika uso. Watu wa mjini waliosoma wameanza kuiacha. Mwenzangu hakuiacha, na mimi mbele yake sikuweza kuiacha.

Kampuni iliruhusu mama mmoja kuleta chakula cha saa sita. Yule wa kwanza aliugua. Aliyechukua nafasi yake alikuwa mama-mukwe wa mwenzangu. Siku ya kwanza alipoingia getini na beseni yake, mwenzangu alikimbilia nyuma ya mashine akakaa huko na njaa.

Wenzetu walifurahi sana.

"Toka, muvuvi, sombe iko inapoa," mmoja alimwita.

"Sitoke."

"Ule njo mama alizaa bibi yako. Haiko simba."

"Simba ningekaa," alisema kutoka nyuma ya mashine. "Simba haina heshima."

Hata mimi nilicheka. Lakini ilikuwa kila siku, na njia ilikuwa moja. Mama anaingia wakati mashine inazimwa na watu wanakwenda kibandani, na wote wanabanana katikati ya mawe meupe. Mwenzangu alikwenda kwa shefu wa sekirite, mimi nikamsindikiza. Aliomba kitu kidogo: mama apite mlango wa nyuma, ule wa karakana ya fundi wa magari.

"Sheria iko moja," yule kijana alisema. "Bantu yote banapita mu majiwe meupe."

"Shefu, ule iko mukwe yangu."

"Hiyo ni mambo ya zamani, papa. Huku tuko ku kazi."

Tulitoka. Mwenzangu alikuwa anapangusa kofia yake ngumu na mkono wa shati. Nikamwambia maneno ambayo sasa nayasikia kila ninapoamka:

"Mudogo wangu, usihangaike. Ukimuona, toka tu mu njia, geuka. Minyi niko pale. Niko nakuangalia."

Alisema, "Aksanti, yaya." Akaenda amepumzika kabisa.

Ikawa hivyo kwa siku nyingi. Mama akitokea, mwenzangu anaruka mawe meupe, anasimama upande wa kamyo, mgongo kwa njia, kofia mkononi. Mama anapita haraka na uso chini ya kitambaa. Mimi ninanyanyua kibao chekundu, macho kwenye kamyo, nazo zinangoja. Watu walizoea, wakaacha kucheka. Nilijiona nimetengeneza sheria iliyo bora kuliko ya ubao wa getini.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, baada ya mvua ya jana yake, na matope yalikuwa yameanza kukauka juu tu. Mashine ilizimwa. Watu walianza kutembea kuelekea kibandani. Kamyo moja ilikuwa imesimama mbele yangu, matako yake yameelekea kwetu, injini inanguruma, na dereva wake ndiyo kwanza alikuwa katika mwezi wake wa kwanza kazini. Nilikuwa nimemaliza kuingiza nyingine, kwa hiyo kibao kijani kilikuwa bado mkononi mwangu wa kulia. Chekundu nilikuwa nimekibana kwapani ili nifute jasho.

Mama alitokea karibu sana. Kawaida nilimwona tangu getini, lakini siku ile alifichwa na watu waliokuwa mbele yake, wakapisha mara moja, naye akawa pale, hatua nne kutoka kwangu, uso wazi, kwa sababu beseni ilikuwa inateleza na mikono yote miwili ilikuwa juu. Tulitazamana macho kwa macho.

Mwenzangu aliruka mawe meupe, akageuka.

Na mimi nikageuka. Hili sikuliandika kwenye karatasi ya hospitalini, wala sikuulizwa. Aibu ilinishika shingo ikanigeuza. Nilimpa mama yule mgongo, na kwa kumpa yeye nikaipa kamyo pia, maana kutoka nilipokuwa, yeye na kamyo walikuwa upande mmoja, na upande pekee uliobaki kwa macho yangu ulikuwa ule wa milima ya kokoto. Kibao kijani kilining'inia mkononi. Dereva akatazama kioo chake. Akaona kijani. Hakuwa na kosa kubwa, ingawa wengine wanamtaja wa kwanza. Kosa lake ni swichi iliyo chini ya kiti.

Hakukuwa na pii, pii. Nilisikia kelele ya mama. Nilipogeuka gurudumu lilikuwa limeshafika. Nilimshika mwenzangu jile, nikavuta, jile ikanibaki mkononi. Kisha nikaanguka mimi, na mguu wangu ukabaki ndani. Ninakumbuka beseni ikizunguka chini kama sarafu, polepole, mpaka ikatulia.

Shefu wa sekirite alinijia hospitalini na karatasi. Aliniita papa, alinipa pole, macho yake mekundu kweli. Siwezi kusema hakulia. Alisoma kwa Kifaransa, haraka. Nikamuuliza, umeandika swichi? Akasema mambo ya ufundi yako kwenye ripoti nyingine. Nikamuuliza, umeandika juu yangu? Akasema, "Juu yako hakuna kitu, papa. Uko salama." Hilo neno salama ndilo lililonitia sahihi. Nilijua kwamba kuna kitu juu yangu, na nilifurahi kuona hakimo. Huyo wa nne, na ndiye ninayelala naye.

Nilipotoka hospitalini na magongo, mtaa ulikuwa umeshahukumu. Mtu mzima, mwenye akili, anaruka mawe meupe aende kusimama nyuma ya gari bila sababu? Basi ameitwa. Nani alikuwa pale? Mama-mukwe. Nani alipiga kelele kabla ya gari kumgusa? Mama-mukwe. Hata heshima yake waliigeuza: kwa nini alikuwa anafunika uso kila siku? Wanawake waliacha kuchota maji pamoja naye. Asubuhi moja alikuta majani yaliyoungua yamewekwa mlangoni kwake. Binti yake mwenyewe, mjane, hakumfungulia.

Kilio kilipokuwa kinafungwa, kaka mkubwa wa marehemu alipanda kutoka Kinkondja kuongoza kikao. Tulikaa kwenye viti vya kuazima katika ua wa marehemu. Mama yule alikalishwa chini, mbali, karibu na shimo la takataka, amefunikwa kitambaa chote. Vijana wa mtaa walisimama nje ya uzio, na walikuwa wengi kuliko tuliowaalika. Mmoja alikuwa na kidumu cha mafuta, amekiweka chini kati ya miguu, kama mtu aliyepita tu njiani akitoka dukani.

Karatasi ilisomwa. Bila sababu. Mkubwa wa marehemu alikunja midomo.

"Bayee banasema hakuna sababu," alisema. "Basi sababu iko hapa mu lupango." Akazungusha kidole kuonyesha ua.

Nikasimama. Kusimama kwa magongo kunachukua muda, na watu wote walinitazama nikisimama. Nikawaambia habari za njia, za sala, za swichi, za kabati la shefu wa sekirite. Walinisikiliza, wengine waliguna. Lakini niliona hakuna kilichobadilika machoni mwao. Swichi ni kitu cha mbali. Mama alikuwa karibu.

Mkubwa wa marehemu akaniuliza, "Na weye, yaya yake? Weye haukukuwa pale na bibao yako?"

"Nilikuwa."

"Ulikuwa naangalia nini?"

Hapo ningeweza kusema nilikuwa naangalia gari lingine. Nilikuwa nimeliandaa, njiani kote nikija. Nikatazama kidumu.

"Sikuangalia kitu. Nilimupa mukwe mugongo, sawa mudogo yako. Kijani ilikuwa mu mukono yangu. Minyi njo nilimwambia atoke mu njia."

Mkubwa wa marehemu alinitazama, kisha akatazama mguu wangu uliokosekana, kama anayetafuta mahali pa kuniadhibu na kukuta pameshachukuliwa. Akatema mate kando ya kiti changu, si juu yangu. Aliwaambia vijana waende nyumbani. Wakaenda, polepole, na kidumu chao. Alisema mama asiguswe. Alisema pia asikae tena chini ya dari ya binti yake, wala asionekane kaburini. Na mimi nisimwite tena yeyote wa ukoo ule ndugu.

Kwa hiyo aliishi. Amepewa chumba kimoja mwisho wa mtaa, pale barabara ya shantiye inapoingia mjini, karibu na mlango wangu ambapo sasa ninashona viatu. Hakuna anayemgusa, na hakuna anayemsalimu.

Shantiye inaendelea. Baada ya kifo swichi zilitolewa, na kwa wiki kadhaa kengele zililia hata wakati wa sala. Kisha, sijui ni swichi zimerudi au nini, nikiwa mlangoni nikaanza kusikia zinanyamaza asubuhi, kwa muda wa sala tu. Kisha kwa muda mrefu zaidi. Siku hizi kamyo zinapita hapa mbele zimejaa kokoto, zinarudi nyuma kugeuza pale kwenye kona, na sisikii kitu isipokuwa injini. Shefu wa shantiye ni yuleyule. Nilimtumia neno kwa mtu. Akajibu kwamba ananiombea.

Na yule mama ana tabia mpya. Mwanaume yeyote akija njiani, mkwe au si mkwe, hata kijana wa kuuza maandazi, yeye ndiye anayetoka. Anatoka barabarani, anageuza mgongo, anasimama mpaka mtu apite. Anasema, nimeambiwa, kwamba hakuna mwanaume mwingine atakayetoka njiani kwa ajili yake. Mara nyingi anakwenda kusimama upande wa majani. Wiki hii alisimama upande wa kamyo.

Siwezi kumwita. Kwa desturi sina ruhusa hata ya kumtazama. Lakini nimetoa filimbi yangu ya kazi na kibao chekundu kutoka chini ya kitanda, na nimegeuza kiti changu. Zamani nilikaa nikitazama ukuta, ili nisimwone akipita. Sasa nimekaa nikitazama barabara, na akitokea ninamtazama usoni, waziwazi, mbele za watu. Wanasema sina haya. Yeye mwenyewe anafunika uso na kuongeza mwendo. Mimi simwachi machoni mpaka afike mlangoni kwake, na kila asubuhi, sala ikianza kule ng'ambo ya reli, ninaiweka filimbi mdomoni.